Gobore huoshwa kwa maji kwanza, mafuta baadaye

Magobore mengi yanayoliwa na kutu ndani ya mtutu yalipakwa mafuta ya kutosha. Kosa ni kwamba mafuta yalipakwa juu ya masizi. Mwenye bunduki hurudi kutoka porini au uwanja wa shabaha, hupitisha kitambaa chenye mafuta ya taa, humalizia na oili kidogo, kisha huiegemeza bunduki ukutani akiamini kazi imekwisha. Baada ya wiki mbili kitambaa hutoka na rangi ya matofali.

Sababu imo ndani ya baruti yenyewe. Baruti nyeusi ni mchanganyiko wa shura (nitrati ya potasiamu), makaa na salfa, kwa kawaida sehemu 75, 15 na 10. Inapoungua, zaidi ya nusu ya uzito wake haigeuki gesi. Hubaki kuwa chembe ngumu: sehemu hutoka na ule moshi mweupe mzito, sehemu hugandama ndani ya mtutu. Chembe hizo kwa wingi ni chumvi za potasiamu, nazo huvuta unyevu kutoka hewani. Fataki za zamani (vikofia vidogo vya kuwashia baruti) huongeza chumvi nyingine ya jamii ya klorini, na baadhi ya baruti mbadala zinazouzwa siku hizi hufanya hivyo pia, tena kwa ukali zaidi. Tanga, Bagamoyo au Lindi, usiku mmoja unatosha kutu kuanza. Dodoma wakati wa kiangazi utapata nafasi kidogo, lakini usiitegemee.

Mafuta hayayeyushi chumvi. Mafuta ya taa, dizeli na oili ya injini huifunika tu, na unyevu hupenya chini yake taratibu. Maji ndiyo yanayoiyeyusha, hata yakiwa ya baridi. Kwa hiyo mpangilio ni huu: maji, kukausha, mafuta. Ukiuvuruga, hata mafuta ya bei ghali hayatakuokoa.

Maelezo haya yanamhusu mwenye gobore la kiwandani la kutumia fataki, liwe na mifereji ndani ya mtutu au liwe laini, aliye na leseni yake. Kwa Tanzania ni chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015. Gobore lililotengenezwa mtaani kwa bomba la maji halimo. Bomba la aina hiyo mara nyingi lina mshono na halikukusudiwa kuhimili mlipuko, na hakuna usafi utakaolifanya kuwa salama. Mahali pake ni kituo cha polisi.

Kwanza hakikisha halina kitu

Gobore halifunguki nyuma ukachungulia. Linaweza kukaa miaka na baruti na risasi ndani, na mrithi asijue. Kuna njia rahisi ya kupima. Elekeza mdomo wa mtutu pasipo na mtu, hakikisha hakuna fataki juu ya chuchu (kile kijiti cha chuma chenye tundu kinachovishwa fataki), kisha teremsha mdeki (fimbo ya kushindilia) taratibu hadi ugote, bila kusimama mbele ya mdomo. Weka alama ya chaki kwenye mdeki usawa wa mdomo wa mtutu. Utoe, uulaze kwa nje ubavuni mwa mtutu, chaki ikiwa usawa wa mdomo ule ule. Ncha ya mdeki ikifika karibu na usawa wa chuchu, ndani ni kutupu. Ikiishia sentimita tatu, nne au zaidi kabla ya hapo, kuna kitu. Usijaribu kukitoboa, kukipasha moto wala kukifyatua ili kitoke. Mpelekee fundi wa silaha mwenye leseni, na umwambie mapema kwamba bunduki ina shehena.

Baruti, fataki na moto wa jiko viwe mbali na unapofanyia kazi. Fanya kazi nje au penye dirisha wazi: masizi yakikutana na maji hutoa harufu ya yai viza. Ni kawaida, ila si hewa ya kujifungia nayo chumbani.

Kuosha

Andaa lita mbili za maji ya uvuguvugu kama ya kuoga, na kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji ya vyombo. Epuka sabuni ya unga ya kufulia, maana mara nyingi ina chumvi zake, na dawa ya kung'arishia nguo nyeupe usiikaribishe kabisa. Maji yanayochemka hayahitajiki. Chuma kikipata moto sana huota utando mwembamba wa kutu ya rangi ya chungwa palepale kinapokauka. Kata fulana kuukuu ya pamba vipande vya mraba vya sentimita tano hivi. Nguo za polista hazifyonzi maji, huteleza tu. Mdeki uwe na kichwa chenye meno madogo ya kushika kitambaa, maana kitambaa kikibaki ndani kitakupotezea nusu siku.

Vuta nyundo nusu, fungua chuchu kwa spana yake na uitumbukize kwenye kikombe cha maji ya sabuni. Kama mtutu wako unatoka kwa kuchomoa kabari moja au mbili, utoe, simamisha upande wa nyuma ndani ya ndoo, kisha sukuma na kuvuta mdeki wenye kitambaa kilicholowa. Kitambaa kikibana vizuri kitafanya kazi kama pampu: utaona maji yakivutwa ndani kupitia tundu la chuchu na kurushwa nje yakiwa meusi kama wino. Badilisha maji. Kwa kawaida ndoo ya pili hutoka kijivu, na ya tatu karibu safi. Ndoo ya mwisho iwe maji matupu, ili sabuni nayo itoke.

Mtutu uliofungwa kwa pini usiung'oe kila mara. Matundu ya pini kwenye mti wa bunduki hulegea na tako hupasuka. Ziba tundu la chuchu kwa kijiti cha kiberiti, mimina maji hadi robo tatu, ziba mdomo kwa kidole, tikisa, mwaga. Rudia mara tatu nne ukipitisha vitambaa katikati. Linda mti kwa kuzungushia kitambaa kikavu, kwa sababu maji yakiingia kati ya mtutu na mti, kutu itaanzia upande usiouona.

Sehemu inayosahaulika zaidi ni chumba cha baruti, huko chini kabisa. Kwenye magobore mengi chumba hicho ni chembamba kuliko mtutu, na kitambaa cha mtutu hakifiki. Tumia brashi ndogo ya nyuzi za shaba iliyoviringishiwa kitambaa, izungushe huko chini mara kumi. Ukitoa uchafu mweusi baada ya mtutu kuonekana safi, ujue hapo ndipo kutu ingeanzia.

Chuchu isugue kwa mswaki. Tundu lake lizibue kwa unywele mgumu wa ufagio au uzi mmoja wa waya wa shaba, kamwe si sindano ya chuma. Tundu hilo kwa ndani ni dogo sana, chini ya milimita moja, na sindano hulipanua. Likipanuka, gesi hurudi nyuma kwa nguvu, vipande vya fataki huruka usoni na nyundo hujivuta yenyewe. Chuchu ya namna hiyo haitengenezwi, hubadilishwa.

Mtambo wa nyundo haulazimiki kutoka kila mara. Mara moja baada ya matumizi manne au matano inatosha, au ukinyeshewa. Bisibisi iendane na ufa wa skrubu, la sivyo utauharibu ufa.

Kausha kwa vitambaa vikavu hadi kimoja kitoke kama kilivyoingia. Kisha uache mtutu mdomo chini kwa robo saa, upitishe kingine. Unyevu hujificha kwenye nyuzi za chuchu. Kitambaa kikitoka na kahawia hafifu baada ya kukausha, hiyo ni kutu changa ya maji, si uchafu uliobaki. Usirudi kuosha, pitisha mafuta mara moja.

Mafuta ya kuhifadhia si ya kupigia

Watu huchanganya kazi mbili zisizofanana. Mafuta ya kuhifadhia hukinga chuma dhidi ya unyevu wakati bunduki imelala. Oili nyepesi ya madini inafaa, na kwa mtambo wa nyundo mafuta ya cherehani ni mazuri: tone moja kwenye mhimili wa nyundo, tone moja pale jino la kifyatulio linapozungukia, tone moja springi inapogusana na chuma kingine. Zaidi ya hapo huingia kwenye mti, na mti uliolowa oili hulainika, skrubu zikakosa pa kushika. Nyuzi za chuchu zipake grisi kidogo kabla ya kuirudisha, la sivyo mwakani hutaifungua. Oili chafu ya injini ina masizi na asidi. Mafuta ya alizeti hukauka yakawa gundi.

Mafuta ya kupigia ni yale yanayopakwa kitambaa kinachozunguka gololi (risasi ya duara), au risasi yenyewe. Kazi yake ni kulainisha masizi ili gololi ya pili ishuke. Hapa mafuta ya madini hayafai: yakiungua pamoja na baruti nyeusi huacha utando mgumu kama lami. Kinachofaa ni nta ya nyuki na mafuta ya mnyama yasiyo na chumvi. Sehemu moja ya nta kwa mbili za mafuta ya kondoo ni kianzio kizuri. Penye joto kali ongeza nta. Mafuta ya nazi huyeyuka kwenye nyuzijoto 24 hivi, kwa hiyo Pwani hutiririka na kulowesha baruti. Siagi ya dukani ina chumvi, achana nayo. Waingereza walijifunza uzito wa jambo hili India mwaka 1857, uvumi kwamba risasi za bunduki ya Enfield zilipakwa mafuta ya ng'ombe na nguruwe ulipochochea maasi ya askari Wahindu na Waislamu. Bunduki hiyo yenye mifereji mitatu isingeweza kushindiliwa mara nyingi bila mafuta.

Masizi yakizidi, gololi hukwama njiani. Huu ndio wakati hatari kuliko yote: ukifyatua kukiwa na nafasi kati ya baruti na gololi, mtutu huvimba au hupasuka. Ndiyo maana mdeki uwekwe alama ya kudumu ya kina sahihi, na kila baada ya risasi chache upitishe kitambaa chenye unyevu tu, kisichochuruzika, kisha kikavu. Kinaondoa masizi na kuzima makaa yaliyobaki kabla hujamimina baruti nyingine kwa kipimo, kamwe si moja kwa moja kutoka kwenye pembe ya kuwekea baruti.

Kulaza na kuamsha

Baada ya kupaka mafuta, simamisha bunduki mdomo chini usiku mmoja ili yanayozidi yasikusanyike kwenye chumba cha baruti. Usiihifadhi ndani ya ala ya ngozi. Ngozi hushika unyevu. Pitisha kitambaa kesho yake, tena baada ya wiki, kisha kila mwezi. Msimu wa masika usiruke.

Siku ya kuitumia, toa mafuta yote kwa vitambaa vikavu. Vika fataki tupu, bila baruti ndani, elekeza mdomo kwenye jani la nyasi lililo karibu na ardhi, fyatua. Jani likitikisika, njia ya moto iko wazi. Lisipotikisika, usimimine baruti. Fungua chuchu uzibue. Na ikiwa tayari imeshindiliwa na fataki imelia bila mlipuko, subiri dakika mbili kamili mdomo ukiwa umeelekea usalama, maana baruti iliyoloa mafuta huweza kuwaka kwa kuchelewa.