Picha ya mkanda uliookotwa ni nini?

Hadithi zetu huanza na "Paukwa!", nasi tukaitika "Pakawa!" Hapo tumeshaelewana: kinachofuata ni cha kutunga, zimwi litakula watu, kisha tutakwenda kulala. Picha ya mkanda uliookotwa ni picha ya kutisha inayoiruka paukwa hiyo makusudi. Inakuarifu tu kwamba kuna watu walikuwa wakijirekodi, wakapotea, mkanda wao ukaokotwa. Basi, tazama.

Kamera hushikwa na wahusika wenyewe. Ndiyo maana inatetemeka, na giza likiingia huoni kitu, unasikia pumzi tu. Muziki hakuna, nani angeupiga porini? Kwingine taa mbovu ni kasoro ya bajeti ndogo. Hapa taa nzuri ndiyo ingetia shaka.

Iliyoipa aina hii umaarufu ni The Blair Witch Project. Oktoba 1997, Daniel Myrick na Eduardo Sánchez waliwaingiza waigizaji 3 wasiojulikana katika msitu wa Maryland, Marekani, kwa siku 8, wakawakabidhi kamera. Chakula walipunguziwa kila siku. Usiku waongozaji walikuja kulitikisa hema bila kuwaonya, kwa hiyo hofu unayoiona usoni mwao kwa sehemu ni ya kweli. Waigizaji walitumia majina yao halisi, na picha ilipokaribia kutoka mwaka 1999 yakasambazwa matangazo ya watu waliopotea. Mama wa Heather Donahue, mmoja wa waigizaji hao, akawa anapokea kadi za rambirambi, na bintiye yu hai.

Picha iliyopigwa kwa makumi ya maelfu ya dola ikaingiza karibu dola milioni 248. Wakosoaji waliisifu sana, lakini watazamaji wa Marekani waliohojiwa na CinemaScore, kampuni inayokusanya maoni ya watazamaji, waliipa alama ya C+ tu, na wapo waliotoka na kichefuchefu kwa ule mtikisiko. Mimi siwalaumu. Mchawi haonekani hata mara moja! Aliyeingia akiamini alitetemeka. Aliyekwisha kuambiwa ni mchezo aliona miti na watu wanaogombana. Tena tumezoea kwamba steringi hafi. Hapa, neno "uliookotwa" limeshakwambia tangu mwanzo kwamba mwenye mkanda hakurudi.

Je, siri ikishajulikana, hofu inakwisha? Hapana, na hili ndilo linalonivutia zaidi. Oren Peli aliipiga Paranormal Activity nyumbani kwake San Diego kwa takriban dola 15,000. Ilipofika kwenye majumba ya sinema mwaka 2009 ujanja ulishazoeleka, na bado watu walipiga mayowe. Tangazo lake liliwaonyesha watazamaji wenyewe wakiruka vitini. Ndani ya picha yenyewe, kamera imesimamishwa chumbani, haisogei: kitanda, watu wawili wamelala, mlango uko wazi. Kwa kuwa hakuna anayekuelekeza pa kutazama, macho yako yanapekua kila kona. Saa iliyo pembeni ya picha inakimbia, dakika zinaruka. Ghafla inarudia mwendo wa kawaida, na ukumbi mzima unanyamaza kabla mlango haujasogea.