Pasaka haikutoka kwa Ishtar

Kila Kwaresima ikikaribia mwisho, ujumbe uleule huzungushwa kwenye magrupu: eti Pasaka ni sikukuu ya Ishtar, mungu wa kike wa Babeli, na Wakristo wanamwabudu bila kujua.

Pasaka ni adhimisho la kufufuka kwa Yesu, Jumapili inayofuata Ijumaa Kuu. Kwa Ukristo ina uzito kuliko Krismasi, kwa sababu Paulo alishasema kama Kristo hakufufuka, imani ni bure (1 Wakorintho 15:17). Basi tuje kwenye jina, maana ndipo vurugu ilipo.

Asili yake ni Kiebrania, *pesach*, lenye maana ya kupita juu au kuruka. Kiaramu kikalitamka kwa namna yake, Wagiriki wakalichukua kuwa *pascha*, Walatini nao vivyo hivyo. Kisa chenyewe kiko Kutoka 12: mwana-kondoo dume wa mwaka mmoja, asiye na ila (hata wa mbuzi aliruhusiwa), achinjwe jioni ya siku ya 14 ya mwezi wa kwanza, damu ipakwe kwenye miimo miwili na kizingiti cha juu, na Bwana akiiona apite juu ya nyumba hiyo. Mnyama mwenyewe pia aliitwa pasaka. Ndiyo maana Biblia ya Kiswahili, 1 Wakorintho 5:7, inasema “Pasaka wetu amekwisha kutolewa”, wala si “Pasaka yetu imetolewa”. Upatanisho wa ngeli unakuonyesha kwamba anayetajwa pale ni kondoo, si tarehe.

Ishtar aliingiaje? Kupitia Kiingereza tu. Katika karne ya 19 mhubiri wa Scotland, Alexander Hislop, aliona *Easter*, jina la Pasaka kwa Kiingereza, na *Ishtar* yanasikika karibu sawa, akayaunganisha. Maneno hayawi ndugu kwa kufanana sauti. Ingekuwa hivyo, kaa la moto na kaa wa baharini wangekuwa ukoo mmoja. Hata hilo *Easter*, mtawa Beda aliandika mwaka 725 kwamba limetokana na mwezi wa Waingereza wa kale uliopewa jina la mungu wao Eostre, na shahidi wa zamani wa huyo Eostre ni Beda peke yake. Babeli haimo. Wafaransa wanasema *Pâques*, Wareno *Páscoa*, Waethiopia *Fasika*. Ishtar atakaa wapi humo?

Wengine hukimbilia Matendo 12:4, ambapo Biblia ya Kiingereza ya 1611 imeandika *Easter*. Kigiriki pale ni *pascha*, na Kiswahili kimesema vizuri tu: “baada ya Pasaka”.

Ila na wanaowajibu watu wa Ishtar kwa kusema “Pasaka maana yake ufufuo” nao wapunguze kasi kidogo. Ufufuo ndilo tukio linaloadhimishwa. Neno lenyewe linasema kupita.