Kanada kuwa jimbo la 51: acheni kusubiri, ombeni uraia

Desemba 2024 Donald Trump alianza kuiita Kanada jimbo la 51 la Marekani na waziri mkuu wake "gavana". Tangu hapo, sisi tunaoshughulikia mafaili ya uhamiaji huku Kanada hatupumui. Wanauliza kama Marekani itaichukua Kanada kweli: Wakenya, Wakongo, Warundi, tena wengine wana shahada zao ukutani.

Kauli inayoniudhi kupita zote ni hii: "Ya nini nihangaike na uraia wa Kanada? Marekani ikiichukua, sote tutakuwa Wamarekani."

Nani kawaambia? Tazameni Hawaii. Bunge la Marekani lilipitisha azimio la kuitwaa mwaka 1898. Uraia ulikuja kwa sheria ya mwaka 1900, na walioupata ni wale waliokuwa raia wa Jamhuri ya Hawaii siku ilipotwaliwa. Vibarua wa Kichina na Kijapani kwenye mashamba ya miwa, ambao hawakuwa raia, waliachwa nje. Wachina walikatazwa hata kuvuka kwenda Marekani bara. Sasa wewe mwenye kadi ya ukaazi wa kudumu, unadhani ungehesabiwa kundi lipi?

Hata waliobahatika kupata uraia walikaa hadi 1959 ndipo Hawaii ikawa jimbo. Miaka 61! Puerto Rico nayo ilichukuliwa mwaka huohuo wa 1898, watu wake ni raia tangu 1917, na mpaka leo anayeishi kisiwani hapigi kura ya rais. Kutwaliwa ni jambo moja na kufanywa jimbo ni jingine kabisa. La pili linaamuliwa na Bunge la Marekani, kwa kifungu cha 4 cha katiba yao, wala halimalizwi kwa saini ya rais. Na Kanada ina watu milioni 40 na ushei, wanaozidi kidogo idadi ya jimbo la California. Sioni chama cha Republican, chama cha Trump, kikikaribisha wapiga kura wengi kiasi hicho, ambao wengi wao hawakipendi.

"Basi Kanada yenyewe itasalimu amri biashara ikibanwa." Ni kweli kwamba Januari 2025 Trump alisema angetumia nguvu za uchumi, si jeshi, na ushuru umeumiza watu. Lakini mkuu wa nchi ya Kanada ni mfalme, na kuuondoa ufalme huo tu, kwa kifungu cha 41 cha Sheria ya Katiba ya 1982, kunahitaji ridhaa ya mabaraza yote mawili ya bunge la shirikisho na ya mabunge ya mikoa yote 10. Mikoa kama Quebec na Alberta ikubaliane jambo kama hilo? Bado hujagusa mikataba ya wenyeji wa asili. Vitisho vyenyewe viliwaamsha wapiga kura: chama cha Liberal, kilichokuwa hoi kwenye kura za maoni, kilishinda Aprili 2025, na Mei waziri mkuu Mark Carney akamwambia Trump ana kwa ana kwamba nchi yake haiuzwi.

Wanaosema "majirani marafiki hawavamiani" nao wasome kidogo. Wamarekani waliivamia Kanada mwaka 1812, na mwaka uliofuata wakachoma majengo ya bunge la York, mji ambao leo ni Toronto.

Na "NATO itaizuia Marekani"? Mkataba wa NATO, muungano wa kijeshi ambao Marekani na Kanada zote ni wanachama, hauna hata kifungu cha kumfukuza mwanachama. Msiuegemee sana.

Kama una ukaazi wa kudumu na umetimiza siku 1,095 ndani ya Kanada katika miaka mitano iliyopita, peleka maombi mwezi huu. Wakenya, katiba yenu ya 2010 inaruhusu uraia pacha, kwa hiyo hamna kisingizio. Watanzania mna hesabu ngumu zaidi, maana sheria ya nyumbani hairuhusu. Hilo ndilo swali la maana la kuniletea, na njooni na pasipoti zenu.