Kabla hujatuma hela kwa mbwa aliyevunjika mguu

Jamani, ngoja kidogo kabla hujatuma. Mimi ni daktari wa mifugo, watu wananitumia sana hizi posti za mtandaoni za kuchangisha hela ya kutibu wanyama wakiuliza dokta hii ni kweli au tunapigwa, na kitu cha kwanza siangalii maneno, namwangalia mnyama. Mfupa wa mbwa ukitibiwa vizuri mara nyingi unaunga ndani ya miezi 2 au 3, sasa ukishuka chini kwenye hiyo akaunti ukakuta mbwa yuleyule, bandeji ileile, Januari anachangiwa operesheni na Agosti bado anachangiwa operesheni, hapo hakuna matibabu. Au bandeji imehama mguu! Hata upele, mbwa akipata dawa wiki chache tu manyoya yanaanza kurudi.

Kinachoniuma ni kwamba kwa tapeli kidonda ndo mtaji. Mnyama akipona hela inakata, kwa hiyo anaachwa hivyohivyo au anaumizwa tena, na wewe uliyechangia kwa huruma unakuwa umelipia hayo mateso.

Vidio za chatu kumviringa mtoto wa mbwa halafu mtu anatokea kumwokoa ndo mbaya kabisa. Aliyeshika kamera alifika saa ngapi? Chatu akishakaza anaua kwa dakika chache, anayetaka kuokoa hapati muda wa kutafuta engo nzuri. YouTube walitangaza mwaka 2021 kwamba vidio za uokoaji wa kupangwa haziruhusiwi, ila bado zinapita. Usishee hata kwa kulaani, ripoti tu.

Ukitaka kusaidia, muombe mwenye posti jina la kliniki, namba itafute mwenyewe usipige ile aliyokupa, uliza kama huyo mgonjwa yupo na ulipe bili hukohuko kliniki. Kwa hapa Tanzania daktari anatakiwa awe amesajiliwa Baraza la Veterinari, kwa hiyo jina lake linaulizika. Ukiona mnyama ameumizwa makusudi peleka polisi, Sheria ya Ustawi wa Wanyama ipo tangu 2008.

Na tafadhali msiwakatie tamaa wale kina mama wanaolisha paka wa mtaani bila shirika wala cheti, wengi ni wa kweli kabisa. Muombe tu vidio fupi, mnyama akiwa pembeni ya karatasi yenye jina lako na tarehe ya leo. Wa kweli ataituma, hata kama kachoka. Tapeli ataanza kukupigia kelele kwamba mbwa anakufa usiku huu kwa sababu yako.