Vla haikuzaliwa na flan

Juzi nimelisikia tena, safari hii kwa mtu anayejua kupika vizuri kabisa: "Vla ni flan ya Wafaransa, Waholanzi wamekata tu mwisho wa neno." Hapana. Mambo yalikwenda kinyume chake. Flan ni kastadi ya Kifaransa iliyookwa ikashikana.

Vla, itamke kwa a ndefu, ni kastadi ya Uholanzi. Ni maziwa, sukari, vanila na wanga wa mahindi wa kuyafanya mazito, na anayepika nyumbani huongeza viini vya mayai. Huliwa baridi na huuzwa kwenye boksi kama maziwa. Zamani ilikuwa ya chupa za glasi, na kwa vile ni nzito hung'ang'ania kuta za chupa. Ndiyo maana Waholanzi walitumia kikombeo cha mpini mrefu chenye kipande cha mpira nchani, wakakiita flessenlikker, yaani mlamba chupa.

Sasa neno lenyewe. Katika Kiholanzi cha zama za kati lilikuwa vlade, na maana yake ilikuwa mkate bapa. D ya katikati ikadondoka. Kiholanzi kina tabia hiyo: lade, mtoto wa meza, leo wengi humwita la. Nasi tunaijua tabia hii, maana Wakikuyu husema njĩra na sisi tumebaki na njia. Wajerumani hawakuiacha ile d, na kwao Fladen ni mkate bapa mpaka leo.

Wafaranki, watu wa jamii hiyohiyo ya lugha, walipoitawala nchi iliyokuja kuitwa Ufaransa kwa jina lao, walikwenda na neno lao. Kilatini cha huko kikaliandika flado, Kifaransa cha kale kikalitamka flaon, baadaye flan. Waingereza walilipokea kutoka hapo. Kwa hiyo flan ndiyo iliyosafiri, vla ilibaki nyumbani.

Na mkate ulikwenda wapi? Uliwekewa vitu laini juu yake, na polepole jina likakiacha cha chini likashika cha juu. Kusini, mkoani Limburg, mkate bado upo: vlaai yao ni ya unga uliotiwa hamira, imejazwa matunda, na ni neno lilelile. Ajabu ni kwamba kastadi nayo ina historia hiyo. Jina hilo la Kiingereza linatokana na crustade, chakula cha ndani ya ganda la unga. Ganda limepotea, jina limebaki kwenye ujiuji.

Hata mezani hazifanani. Flan husimama ikakatwa kwa kisu, vla humiminwa. Anayeimimina bakulini mwambie ni kastadi, hujakosea. Ukipenda kuitaja flan, iite ndugu yake aliyehamia Ufaransa.