Jinsi ya kutambua nematodi wa vifuko wa viazi

Viazi vinapodumaa kwa mabaka shambani, na majani yakilegea mchana ilhali ardhi ina unyevu, lawama hupewa mbolea au mnyauko wa bakteria. Lakini huenda chanzo ni nematodi wa vifuko, yaani minyoo wadogo sana wanaoshambulia mizizi. Kabla ya kuhukumu, angalia mizizi. Viazi vikianza kuchanua, chimbua shina zima pamoja na udongo wake. Ukilivuta kwa mkono, mizizi midogo hukatika na ushahidi hubaki ardhini. Kung'uta taratibu, kisha tumia lenzi ya kukuza mara 10. Vitone vya duara vya kama nusu milimita, vilivyonata nje ya mzizi, ni majike ya Globodera, jenasi ya nematodi hao. Minyoo fundo, nematodi wengine wa mizizi, hawafanani nao, kwa sababu hao huvimbisha mzizi wenyewe.

Rangi husaidia, lakini kwa muda mfupi tu. Jike la Globodera rostochiensis huanza jeupe, hupitia manjano ya dhahabu, kisha huwa kahawia. La Globodera pallida hutoka weupe wa maziwa hadi kahawia bila kukawia kwenye manjano. Jike la spishi yoyote likishakufa, ngozi yake hugumu na kuwa kifuko chenye mayai 200 hadi 500, ambayo baadhi yake huweza kuishi udongoni zaidi ya miaka 20. Hapo rangi haikuambii tena spishi.

Nchini Kenya spishi zote mbili zipo: rostochiensis iliripotiwa 2015, pallida 2018. Kuzitofautisha ni jambo zito kwa mkulima. Aina za viazi zenye jeni ya H1 huzuia baadhi ya makundi ya rostochiensis, lakini pallida huzishambulia kama kawaida. Jibu la maabara likikosea, mkulima hununua mbegu isiyomkinga.

Kwa mbegu za viazi na mazao mengine ya mizizi, sampuli ya maabara ni udongo ulioganda juu yake: pigia brashi viazi vikiwa vikavu, hasa kwenye macho, na ukusanye vumbi la chini ya magunia. Anika udongo kivulini hadi ukauke kabisa. Hatua hii ndiyo huharibiwa zaidi kwa haraka. Kifuko kikavu kina hewa ndani, hivyo huelea. Chenye unyevu huzama na matope, na sampuli huonekana safi kumbe sivyo. Usitumie oveni, maana joto huua mayai na hutajua tena kama yalikuwa hai.

Udongo mkavu husafishwa kwa maji kwenye kopo la Fenwick, chombo ambacho maji yakifurika hubeba vifuko vinavyoelea hadi kwenye machekeche. Chekeche la juu la takriban milimita 1 huzuia takataka kubwa, la chini la mikromita 250 hushika vifuko. Sugua machekeche vizuri kabla ya sampuli inayofuata. Kifuko kimoja kilichonasa hutosha kulifungia shamba lisilo na kosa.

Chini ya hadubini, Globodera ni duara na ana shingo fupi tu. Kifuko chenye umbo la ndimu, kilichochongoka pande zote mbili, ni cha Heterodera, jenasi nyingine ya nematodi wa vifuko. Loweka kifuko, kata sehemu ya nyuma, mkabala na shingo, uisafishe na uitandaze kwenye kioo. Hapo kuna kidirisha cha duara na tundu la haja. Hesabu mikunjo ya ngozi kati ya kidirisha na tundu hilo: kwa rostochiensis wastani hukaribia 20, kwa pallida kama 12. Kisha gawa umbali wa tundu hadi ukingo wa kidirisha kwa kipenyo cha kidirisha. Jibu linalozidi 3 huelekea rostochiensis, la chini yake pallida.

Huelekea tu, kwa kuwa vipimo vya spishi hizi hupishana, na Globodera tabacum, nematodi wa tumbaku, naye hukaribiana nazo. Pima vifuko kadhaa, pamoja na vijinyoo vilivyomo mayaini: sindano ya mdomoni ya rostochiensis ina vinundu vya mviringo, vya pallida huelekea mbele. Mashaka yakibaki, kipimo cha PCR, kinachochunguza vinasaba (DNA), ndicho huamua, kwa hiyo tenga vifuko vichache vizima, vyenye mayai, kabla hujaanza kukata.