Kwa nini brashi ya mistari ya urembo huhifadhiwa kwenye mafuta?

Ile mistari myembamba inayotambaa ubavuni mwa gari au kwenye tangi la pikipiki huchorwa kwa brashi ya aina yake: mpini mfupi, nywele za kindi zenye urefu wa sentimita tano hivi, zilizokatwa mshazari zikapata umbo la upanga. Kazi ikiisha, fundi huiosha kwa thina, kisha huipaka mafuta. Anayeona mara ya kwanza huuliza: brashi imeshatakata, mbona inachafuliwa tena?

Haijatakata. Ncha zake ni safi, lakini rangi hupanda hadi shinani, pale nywele zinapoingia kwenye mpini. Huko zimebanana mno, na kimiminika kikishaingia kwenye nafasi finyu hushikiliwa kwa nguvu kuliko kwenye nafasi pana. Ni kama kichwa kilichosukwa: ukimwagia maji, ncha za misuko husafishika mara moja, lakini uchafu wa kwenye ngozi haubanduki mpaka uingize vidole.

Mabaki hayo yana hatari kubwa kuliko yanavyoonekana. Rangi ya mafuta haikauki kwa thina kupaa tu. Baada ya hapo huvuta oksijeni ya hewani, na molekuli zake hushikana hadi kuwa wavu mgumu, usiorudi kuwa majimaji hata ukiulowesha kwa thina ileile. Ukiganda shinani, husukuma nywele nje na upanga hupasuka katikati.

Mafuta hujaza nafasi hizo, yakachanganyika na rangi iliyobaki na kuizibia hewa. Sharti yawe yasiyokauka. Ya kitani hayafai kabisa, maana hukauka kwa njia ileile ya rangi. Ya alizeti huishia kunata. Wengi hutumia mafuta ya madini au oili ya injini. Wapo wanaosisitiza oili isiyo na viungo vya kusafisha, ingawa hilo ni mapokeo ya mafundi zaidi kuliko jambo lililopimwa.

Brashi ilazwe, nywele zikiwa zimenyooshwa. Ukiisimamisha ndani ya kopo la thina, zitapinda. Siku ya kazi, suuza mafuta yote kwa thina mpya. Yakibaki, rangi hujitenga na kuacha vishimo.

Hapa ndipo anayeanza anapojionea vibaya bure. Mstari ukigawanyika, hulaumu mkono wake, kumbe shina limeganda. Lowesha brashi kwa thina na uivute juu ya kadi inayoteleza. Nywele zisipokusanyika kuwa ukingo mmoja, mazoezi hayatasaidia.

Ikiwa nzima, urefu wa nywele ndio unaotuliza mkono. Brashi fupi huonekana rahisi kuidhibiti, lakini ni zile ndefu, zikiburutwa nyuma, zinazomeza mitikisiko midogo. Kwa hiyo ilaze, usiishike wima. Kabla ya kuchora, ivute kwenye kadi huku na huku, pande zote mbili, mpaka rangi ienee ndani. Ikianza kung'ang'ania, ongeza tone la thina. Kidole kidogo kiegemee bati, macho yatangulie kule mstari unakoelekea. Penye kona, iinue ili nywele chache tu ziguse, huku ukiizungusha kati ya kidole gumba na cha shahada. Jizoeze kwenye kioo, ambapo mstari mbovu hufutika kwa kitambaa rangi ikiwa bado mbichi.